Rekodi ilifutwa mahakamani lakini kazini na Imigresheni bado ikasomeka: uchambuzi wa kisa kimoja Minnesota

Mhusika na hali yake

Kisa hiki ni cha dada mmoja wa Afrika Mashariki anayeishi jimbo la Minnesota, Marekani. Nitamwita Dada Z, herufi hiyo haihusiani na jina lake, na nimeondoa kaunti, duka, mwajiri, nchi aliyotoka na kila kitu ambacho mtu wa jamii yetu angekisoma akasema aah huyu namjua. Amekubali kiandikwe. Mimi si wakili, najitolea kusaidia watu wetu kujaza fomu na kuzielewa barua za serikali, na juu yetu kuna wakili anayepitia kila kitu kabla hakijaenda popote. Kwa hiyo haya yasome kama kisa cha mtu mmoja, usiyachukue kama ushauri wa kesi yako, maana kosa lile lile kwenye jimbo jingine au kwa mtu mwenye makaratasi tofauti linaweza kuishia pabaya kabisa.

Dada Z aliingia Marekani na grinkadi (kibali cha kuishi kwa kudumu), ana watoto, na kama wengi wetu hapa kazi aliyoipata haraka ni ya kuhudumia wazee. Hiyo kazi ndiyo iliyofanya kosa dogo la dukani lisiachike nyuma, kwa sababu Minnesota mtu yeyote anayegusa wagonjwa, wazee au watoto kwenye sehemu zenye leseni lazima achunguzwe na Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo, DHS, na wao wanaangalia mbali kuliko mwajiri wa kawaida.

Ilivyoanza

Mwaka 2018 alikuwa dukani na mtoto mgongoni, kwenye ile mashine ya kujilipia mwenyewe, akapitisha vitu vingine na pampasi na maziwa ya unga hakuvipitisha. Mlinzi akamsimamisha mlangoni. Mali yenyewe ilikuwa chini ya dola 60. Polisi alikuja akaandika tiketi yenye tarehe ya mahakama, hakufungwa pingu wala hakulala ndani, na hapo ndipo lilipoanzia wazo ambalo lingemsumbua baadaye kwamba yeye "hakuwahi kukamatwa".

Shtaka lilikuwa wizi wa daraja la chini kabisa la jinai, ambalo kwa Minnesota adhabu yake ya juu ni siku 90 jela na faini ya dola 1,000. Mahakamani alipewa wakili wa bure, wakaongea kwenye korido dakika chache, hakuomba mkalimani kwa sababu aliona aibu kusema Kiingereza chake hakitoshi kwa mambo yale (na haki ya mkalimani ilikuwepo, bila malipo). Akaambiwa kuna dili nzuri, atakubali kosa, jaji hataliandika kama hatia, atakuwa kwenye probeshen (uangalizi wa mahakama badala ya kifungo) mwaka mmoja na kufanya darasa la mtandaoni, akimaliza bila kosa jipya kesi inafutwa. Alichosikia yeye ni neno la mwisho tu, inafutwa. Akasema ndiyo mbele ya jaji, akajibu maswali mafupi, yes, yes, akarudi zamu ya usiku.

Mwaka 2019 kesi ikafutwa kama walivyoahidi. Akaiona imeisha.

Kilichofuata, kwa mpangilio

Mwaka 2021 aliomba kazi nyumba ya wazee moja. Akaanza mafunzo, kisha ikaja barua ya DHS kwamba amezuiwa kuwa karibu na wanaohudumiwa. Kwa sheria ya jimbo wizi mdogo unamzuia mtu miaka 7, na hawahitaji hukumu ya hatia, kukiri kwako mbele ya jaji kunawatosha. Barua ile ina kurasa kadhaa na ukurasa wa maana unakuja mwishoni, ule unaosema una siku 30 za kuomba wafikirie upya. Yeye aliisoma ukurasa wa kwanza akalia, akaiweka juu ya friji. Ni supavaiza wake, mama mmoja mtu mzima, aliyemwambia mwanangu hebu ilete hiyo barua tuisome yote. Wakaandika maelezo, wakaambatanisha cheti cha darasa la probeshen na barua mbili za watu waliomfahamu, DHS wakakubali afanye kazi. Lakini ruhusa ile ilimtaja mwajiri yule, kizuizi chenyewe hakikuondolewa.

Hapo ndipo alipoamua aisafishe rekodi moja kwa moja. Binamu yake ambaye yuko vizuri na kompyuta akapakua fomu za mahakama za kuomba rekodi ifungwe. Sharti la muda alikuwa amelitimiza, kwa waliomaliza dili kama lake ni mwaka mmoja tangu umalize bila kushtakiwa kosa jipya (kwa waliotiwa hatiani kosa la daraja lile ni miaka 2). Ada ya kufungua ombi ni karibu dola 300 na yeye alisamehewa kwa sababu ya kipato. Nakala zikapelekwa kwa mwendesha mashtaka, polisi wa mji, na ofisi ya jimbo inayotunza rekodi za jinai, BCA. Siku 60 za kusubiri kabla ya kusikilizwa, hakuna aliyepinga, jaji akasaini mwanzoni mwa 2022, siku 60 nyingine za kusubiri kama kuna atakayekata rufaa, kwisha. Ilikuwa furaha kweli, waliipiga picha ile amri.

Baada ya miezi akahamia kwa mwajiri mwingine karibu na shule ya watoto. DHS wakachunguza upya. Barua ikarudi: amezuiwa, kwa wizi wa 2018.

Tulichokikuta kwenye amri

Hapa ndipo alipotufikia, akiwa na bahasha ya kaki na hasira. Alisema "kaka yangu, jaji amefuta, hawa ni akina nani wasiomtii jaji?" Ni swali la haki kabisa.

Jibu lilikuwa ndani ya amri yenyewe. Amri ya aina hii ina orodha ya ofisi zinazoamriwa kufunga rekodi zao, na kila ofisi ina kisanduku chake. Polisi imetikiwa. Mwendesha mashtaka, imetikiwa. BCA, imetikiwa. Kamishna wa Huduma za Jamii, kisanduku kitupu. Sheria ya Minnesota, sura ya 609A, inasema wazi kwamba rekodi iliyofungwa bado inaweza kufunguliwa kwa uchunguzi wa DHS isipokuwa vitu viwili vimetimia, kamishna alipelekewa taarifa ya ombi kama inavyotakiwa, na amri ya jaji inamtaja yeye moja kwa moja. Binamu hakukiona kisanduku, jaji hana wajibu wa kukuuliza unafanya kazi gani, na hakuna aliyepinga kwa hiyo hakuna aliyesimama kulizungumza. Kila mtu alifanya sehemu yake na mtu akakosa kazi.

Inafaa pia kuelewa kwamba Minnesota karatasi hazichomwi moto. Zinafungiwa, na sheria inataja nani ana ufunguo. Mwenye nyumba anayepangisha hana, mwajiri wa dukani hana, lakini polisi wanaochunguza kosa jipya wanao, na DHS wanao mpaka wanyang'anywe kwa jina.

Maamuzi na sababu zake

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza kuomba tena DHS wamruhusu kwa mwajiri huyu mpya, ya pili kurudi mahakamani amri irekebishwe. Wakili akasema tufanye zote kwa pamoja, na sababu yake ilikuwa ya tumbo, ile ya DHS ni ya haraka na siku 30 zilikuwa zinakimbia, ile ya mahakama ingechukua miezi lakini ndiyo ingemaliza jambo. Wengi wetu tunachagua moja kwa sababu ya uchovu na mara nyingi tunachagua ile kubwa, halafu kodi ya nyumba inatukuta katikati.

Ombi la mahakamani safari hii lilikwenda na maelezo ya ukurasa mmoja tu kuhusu kazi yake: anafanya nini, amefanya muda gani bila malalamiko, barua ya DHS inasema nini, na kwa nini amri isiyomtaja kamishna inamwacha pale pale alipokuwa. Kuna jambo la kisheria hapa lilimsaidia ambalo wengi hawalijui, kwa mtu aliyemaliza dili la aina yake mzigo uko kwa ofisi inayopinga, wao ndio wanaotakiwa kuonyesha kwa ushahidi mzito kwamba maslahi ya umma yanazidi madhara anayopata mwombaji. Hakwenda kuomba huruma. Jaji alimuuliza swali moja, bado unapenda kazi hii, akajibu kwa Kiswahili na mkalimani akatafsiri. Ndiyo, safari hii tuliomba mkalimani, na ninasisitiza kwa kila ndugu yangu anayesoma, omba mkalimani hata kama unaongea Kiingereza kila siku kazini, Kiingereza cha kazini na cha mahakamani ni vitu viwili.

Amri ya marekebisho ilisainiwa 2023, kamishna akiwa ametajwa kwa cheo chake.

Tukaongeza kitu kimoja ambacho yeye aliona ni usumbufu. Kabla amri mpya haijaanza kufanya kazi tulimpeleka kwa karani wa mahakama achukue nakala zenye muhuri za kila kitu: shtaka, kumbukumbu ya siku aliyokiri, masharti ya probeshen, na karatasi ya kufutwa kesi. Alishangaa, si tunataka zipotee? Tukamwambia kuna mtu mmoja atazitaka.

Fomu ya uraia

Huyo mtu ni ofisa wa Imigresheni. Mwaka 2024 Dada Z alitaka kuomba uraia, fomu N-400, dola 710 ukiijaza mtandaoni. Fomu inauliza kama umewahi, wakati wowote, kukamatwa, kupewa tiketi ya jinai au kushikiliwa na polisi, na maelekezo yake yanataka useme hata kama rekodi ilifungwa au kufutwa, hata kama wakili au jaji alikuambia huna rekodi tena. Binamu yule yule, kwa nia njema kabisa, alishaweka Hapana. Hoja yake ilikuwa kwamba jaji amefuta mara mbili na hakukamatwa, alipewa tiketi.

Tukaibadilisha kuwa Ndiyo, na hili ndilo lililoleta mabishano makubwa kuliko yote, mume wake alituona tunampeleka mkewe kwenye mdomo wa mamba. Kwa hiyo naeleza taratibu.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina maana yake yenyewe ya hatia na haimsikilizi jaji wa jimbo. Ukikiri kosa, na jaji akakuwekea adhabu au kizuizi chochote, probeshen ikiwemo, kwao hiyo ni hatia, hata kama jimbo linasema hukuwahi kutiwa hatiani. Bodi yao ya rufaa ilishasema kwenye kesi ya Roldan mwaka 1999 kwamba kufutiwa na jimbo kwa sababu ya kutimiza masharti hakuiondoi hatia hiyo. Kinachoweza kuiondoa ni jaji kubatilisha hatia kwa sababu kesi yenyewe ilikuwa na kasoro ya kisheria, huo ndio mpaka uliowekwa na kesi ya Pickering ya 2003. Kwa hiyo dili "nzuri" ya 2018 haikuwa dili nzuri kwa mtu wa grinkadi. Kuna dili nyingine jirani yake kabisa, kesi inaahirishwa mwaka mzima bila wewe kukiri chochote halafu inafutwa, na hiyo kwa Imigresheni si hatia. Matokeo kwa mtu aliyezaliwa hapa karibu yanafanana. Kwa mgeni yanatofautiana sana. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2010, kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja mgeni kama kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Dada Z hakukumbuka kuulizwa hata kama ni raia.

Wakili wetu alifikiria kurudi mahakamani kushambulia kule kukiri kwenyewe kwa hoja hiyo. Akaamua haina haja, na hesabu yake ilikuwa hivi. Wizi unahesabiwa kosa la kimaadili, aina ambayo inaweza kukuzuia uraia, lakini kuna nafuu ya kosa dogo: ni kosa pekee la aina hiyo, adhabu yake ya juu haizidi mwaka mmoja, na hakupewa kifungo kinachozidi miezi 6. Siku 90 ziko chini sana ya mwaka. Pia kipindi cha kuangalia tabia njema kwa mwombaji wa kawaida ni miaka 5 kabla ya kuomba, na tukio la 2018 lilikuwa limeshatoka nje ya kipindi hicho. Yaani kosa lenyewe halikuwa na uwezo wa kumnyima uraia.

Uongo ungekuwa nao. Kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo ili upate faida ya uhamiaji kunakuvunjia tabia njema peke yake, na Mahakama ya Juu ilishasema 1988, kwenye kesi ya Kungys, kwamba hapo hata uongo juu ya jambo lisilo na uzito unahesabika. Fikiria hilo, ukweli wa pampasi haumzuii, kuuficha ndiko kunamzuia. Na asingeuficha, maana mfumo wa serikali kuu hausubiri kuambiwa na jaji wa kaunti nini cha kusahau.

Matokeo

Kazini: DHS walimruhusu kwa mwajiri mpya kwanza, na baada ya amri ya 2023 uchunguzi uliofuata ukarudi safi. Lakini kati ya barua na ruhusa alikaa wiki kadhaa bila shifti, alikopa kwenye chama chao cha akina mama, na kulipa lile deni kulimchukua muda mrefu kuliko probeshen yenyewe. Hayo hayaandikwi kwenye faili lolote.

Nyumba: alipoomba kupanga, kampuni binafsi ya kucheki rekodi ikatoa ripoti yenye kesi ya 2018. Hizi kampuni zilinunua data zamani na hazirudi kuisafisha zenyewe. Sheria ya jimbo inawataka waifute rekodi wakijua imefungwa, na sheria ya serikali kuu ya ripoti za wateja inawapa kwa kawaida siku 30 kuchunguza malalamiko. Alituma barua na nakala ya amri, ikaondolewa. Ile nyumba ilishapata mtu mwingine.

Uraia: kwenye intavyuu ofisa alifika kwenye lile swali, akauliza nini kilitokea. Tulimwandaa aseme kwa sentensi zake mwenyewe, bila kujitetea: sikulipia vitu, nilikiri, nilimaliza probeshen, hizi hapa karatasi. Akasukuma nakala zenye muhuri mezani. Ofisa alizipitia, akaweka kopi kwenye faili, akaendelea na maswali ya historia ya Marekani. Ombi likakubaliwa na kiapo amekula.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichoharibika kwanza ni korido ya 2018. Mengine yote yametoka hapo. Wakili aliyeongea naye dakika chache alikuwa anapigania asifungwe, na hakufungwa, lakini maswali mawili, wewe ni raia, na unafanya kazi gani, yangebadilisha aina ya dili. Kama hakuulizi, mwambie wewe. Sema kabla hujakiri.

Cha pili ni fomu kujazwa na mtu anayejua kompyuta badala ya mtu anayejua nani ataisoma rekodi. Simlaumu binamu, bila yeye pengine ombi lisingefunguliwa kabisa. Lakini kabla ya fomu kulitakiwa karatasi nyeupe yenye orodha ya waliowahi kumchunguza na watakaomchunguza: mwajiri, DHS, mwenye nyumba, Imigresheni. Orodha hiyo ndiyo ingekiona kile kisanduku kitupu.

Kilichofaa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni yule supavaiza aliyeisoma barua mpaka ukurasa wa mwisho. Siku 30 zikipita bila ombi, mlango huo unafungwa na hoja zako zote nzuri zinabaki nje. Cha pili ni nakala zenye muhuri zilizochukuliwa mapema. Kuzitafuta baada ya rekodi kufungwa ni usumbufu mkubwa, na ofisa wa uraia hakubali "nilizipoteza".

Kuhusu kama ingekuwa bora asifute kabisa, nimeulizwa sana. Hapana, kwa kazi na nyumba ilimsaidia kweli na ilikuwa haki yake. Ila haikuwa na kazi yoyote Imigresheni, na aliyemwambia ingekuwa nayo hakuwa na msingi.

Jambo moja limebadilika tangu kisa hiki. Kuanzia 1 Januari 2025 sheria ya Clean Slate ya Minnesota imeanza kufanya kazi, BCA wanapitia rekodi na kuzifunga zenyewe kwa makosa yanayostahili bila mtu kuomba wala kulipa ada. Ni habari njema sana kwa watu wetu walioogopa mahakama. Lakini kwa uraia mambo yako vile vile, swali la N-400 liko pale pale, na rekodi yako inaweza kufungwa bila wewe kuwa na karatasi hata moja mkononi. Kama una kesi ya zamani Minnesota na bado huna uraia, nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ile wiki hii, omba nakala zenye muhuri za shtaka, kukiri, masharti na mwisho wa kesi, uziweke pamoja na pasipoti.